Jani lenye kazi: mimea ya Nkombo na makorongo ya Rusizi

Ramani huonyesha Nkombo kuwa kisiwa, na anayelipa nauli ya mtumbwi hatabisha. Ila mtu anayesoma milima akisimama ukingoni mwa Ziwa Kivu, upande wa wilaya ya Rusizi, Rwanda, ataona jambo jingine: mgongo wa kilima uliobaki nje baada ya mabonde ya pembeni yake kujaa maji. Zamani mito ya eneo hili ilitiririka kuelekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward na Nile. Volkano za Virunga zikaziba njia. Maji yakapanda, yakaingia bonde baada ya bonde, na kiasi cha miaka elfu kumi iliyopita yakapata mwanya upande wa kusini, yakaanza kuchimba korongo la mto Rusizi kwenda Tanganyika. Ndiyo maana mwambao wa kusini wa Kivu umejaa ghuba nyembamba, rasi zilizochongoka na visiwa virefu. Anayevuka kutoka mji wa Kamembe kwenda Nkombo anasafiri ndani ya korongo la mlima, ila nusu ya chini ya korongo hilo imezama, naye anaelea katikati ya kuta zake, kwenye kimo cha mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari.

Hakuna kiti kizuri kuliko hicho kwa mtu anayependa kutazama mimea. Basi la Kigali humpitisha abiria kwenye kona kabla hajauliza jina la mti. Mtumbwi haukimbii, na ukuta wote unaonekana kuanzia majini hadi kileleni: matete ukingoni, mihogo kwenye mteremko mkali, migomba pale udongo ulipokusanyika, miparachichi na miembe karibu na nyumba, kisha mikaratusi iliyopanga mstari juu kabisa. Mgeni hugawa mandhari hiyo papo hapo: huku shamba, kule pori.

Mgawanyo huo unadanganya, na unadanganya kwa pande zote mbili. Ule unaoonekana msitu kileleni umepandwa mti kwa mti, na asili ya mbegu zake ni Australia. Mkaratusi uliletwa Rwanda mwanzoni mwa karne ya 20. Vyakula vya mteremkoni navyo ni wageni wa muda mrefu. Muhogo, mahindi, maharage, kiazi kitamu na parachichi vilitoka Amerika, mgomba ukatoka Asia ya kusini-mashariki. Hata sambaza wanaovuliwa usiku katika maji haya hawakuwamo. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakapandwa ziwani kama mtu apandavyo mbegu, na leo wavuvi wa Nkombo wanajulikana kwa samaki hao kuliko kwa kitu kingine chochote.

Mimea ya asili ya milima hii ipo, ila haikai pale mgeni anapoelekeza macho. Iko kwenye ua wa nyumba, kwenye mpaka wa mashamba mawili, kando ya zizi la mbuzi, kwenye njia ya kushukia majini. Nkombo ina watu wengi na ardhi kidogo, tena ardhi iliyochoka na yenye mwinuko wa kumwangusha mbuzi. Mahali pa namna hiyo hakuna mmea unaoachiwa nafasi kwa sababu tu uliota. Uliobaki umebaki kwa sababu kuna mtu anayeuhitaji, na ukitaka kujua utaishi miaka mingapi, uliza unafanya kazi gani.

Tuanze na ua. Minyaa, ambayo Wanyarwanda huiita imiyenzi, ni mimea isiyo na majani ya maana, vijiti vya kijani tu vilivyojaa utomvu mweupe. Mbuzi anaipita bila kuigusa. Utomvu ukimrukia mtu jichoni, atakumbuka siku hiyo. Ukikata kijiti ukakichomeka ardhini, kinaota bila kubembelezwa, na baada ya misimu michache una ukuta ulio hai, usiooza na usiohitaji misumari. Kwa vizazi vingi ua wa nyumba za Rwanda ulitegemea vitu vya namna hii. Sasa matofali na mabati yanauondoa taratibu karibu na miji, lakini visiwani kila mfuko wa saruji huvuka ziwa kwa nauli, kwa hiyo minyaa bado haijapoteza ajira.

Ndani ya ua, au pembeni yake, kuna duka la dawa. Umubirizi ni kichaka chenye majani machungu kiasi kwamba aliyewahi kuyanywa hukunja uso akisikia jina lake. Huchemshwa kwa homa, kwa minyoo, kwa tumbo. Umuravumba una majani laini yenye harufu kali, na karibu kila aliyekulia vijijini Rwanda amewahi kupewa kikombe chake. Huo haukuishia kwa bibi zetu. Katika miaka ya 1980 watafiti waliokuwa Butare, mji uitwao sasa Huye, waliyachambua majani yake wakapata ndani yake kiini kinachopambana na bakteria na kuvu. Sisemi kila kikombe cha umuravumba kinaponya. Mwenye malaria aende kituo cha afya. Nasema tu kwamba kichaka hicho kingekuwa kimeng'olewa zamani kama kisingekuwa na wateja.

Kazi nyingine hazihusu mwili. Umuko ni mti wa magamba mazito na miiba, nao huchanua maua mekundu ya kung'aa wakati matawi yakiwa hayana jani hata moja. Katika imani ya jadi iitwayo kubandwa, Ryangombe, shujaa na bwana wa mizimu, alipigwa pembe na nyati, na umuko ndio uliompokea alipokuwa anakufa. Tangu hapo mti huo ukawa wake, na ibada zake zikafanyika chini yake. Wamisionari walipiga vita ibada hizo kwa nguvu zote, na umuko ukawa mti wenye sifa ya kutiliwa shaka. Haukutoweka, kwa sababu ulikuwa na kibarua cha pili: kigingi chake kikichomekwa huota, na gome lake huingia kwenye dawa. Ndugu yake kwa heshima ni umuvumu, mtini ambao gome lake lilipondwa likawa nguo kabla ya pamba kufika, na ambao ulipandwa kwenye maskani ya wakubwa. Nchini Rwanda, ukikuta mivumu mizee imesimama peke yake juu ya kilima, kuna uwezekano mkubwa kwamba hapo palikuwa na boma. Nyumba za miti na nyasi zimeoza; ua umekuwa mnara.

Wakati wa jioni korongo hili hubadilika. Wavuvi hutoka kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa sambamba, wakipiga makasia kwa nyimbo, taa zikining'inia juu ya maji kuwavuta sambaza. Macho ya wapiga picha huwa kwenye taa. Mimi ningeomba mtazame zile fito ndefu zinazochomoza mbele na nyuma ya mitumbwi, zinazopinda kama fimbo ya kuvulia. Hizo ndizo zinazobeba nyavu, na ni za mkaratusi. Mti tunaoulaumu kwa kunywa maji na kuchosha udongo, na lawama hiyo haikosi msingi, ndio unaosimamisha uvuvi wa Kivu. Ndio pia nguzo ya nyumba, mkaa wa jikoni na dawa ya mafua ya mtoto. Kampeni yoyote ya kuung'oa ianze kwa kusema nani atachukua kazi zake zote hizo.

Kuna kazi moja ambayo wasafiri hawaioni kabisa, nayo imeokoa miti mingi kuliko hotuba za siku ya mazingira: kushikilia maharage. Mwishoni mwa miaka ya 1980 maharage yanayotambaa yalienea sana Rwanda, kwa kuwa yanazaa zaidi katika eneo dogo na yalistahimili vizuri ugonjwa wa kuoza mizizi uliokuwa unaangamiza yale mafupi. Lakini haragwe la kutambaa linataka mti wa kupandia, na shamba moja hutaka maelfu ya vijiti. Ghafla kila kilichokuwa kirefu na kigumu kikawa na thamani: mabingobingo yaliyokauka, matawi ya mgrivelia, umubirizi uliopunguzwa, umusave wa mpakani. Mkulima asiye na vijiti hununua. Mti ulio kwenye ukingo wa shamba ukaacha kuwa kivuli kinachonyima mazao jua, ukawa mali.

Ukirudi bara na kupanda kuelekea mashariki, mabonde yanabana na hewa inapoa. Wilaya hii ya Rusizi ina kilima kimoja ambacho wanywaji wa kahawa wangepaswa kukijua. Misheni ya Mibirizi ilianzishwa mwaka 1903, na inahesabiwa kuwa mahali ambapo kahawa ya kwanza ya Rwanda ilipandwa mwaka uliofuata. Aina moja ya arabika bado inaitwa Mibirizi. Kwa miaka mingi ilikuwa kama pambo la bustani ya mapadri. Wakulima hawakuona sababu ya kuacha chakula kwa ajili ya tunda lisilolika. Miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji ukaondoa hiari: kila mkulima apande miche kadhaa, na anayeiachia magugu aadhibiwe. Mmea huo ulipewa kazi kwa amri. Leo, karibu karne moja baadaye, mteremko wa Kivu unatoa kahawa inayosifiwa Ulaya na Marekani, na wajukuu wa waliolazimishwa wanaipogoa kwa hiari, au angalau kwa bei.

Baada ya kahawa ni chai, ikinyooshwa juu ya mabonde kwa ule usawa unaopendeza kwenye kalenda na kuchosha macho baada ya dakika kumi. Kisha, bila onyo, unakuta ukuta wa msitu wa Nyungwe. Mpaka wa chai ya Gisakura na msitu ni mkali kiasi cha kuweza kusimama mguu mmoja huku na mmoja kule. Nyungwe ina zaidi ya aina 1,000 za mimea na iliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2023, kwa hiyo haikosi wa kuisifu. Nitapita upesi, nisimame mahali pamoja tu. Ukitazama chini kutoka barabarani utaona miti iliyofunikwa na zulia zito la mmea unaotambaa, mingine ikiwa imekufa wima chini yake. Ni umukipfu, mmea wa asili ya hapa hapa. Tembo wa mwisho wa Nyungwe aliuawa na majangili mwaka 1999, nyati walikwisha kabla yake, na wanaikolojia wengi wanahusisha kuenea kwa mtambaa huo na kutoweka kwa wanyama waliokuwa wakiula na kuukanyaga. Msituni nako kuna mgawanyo wa kazi, na mfanyakazi mmoja akiondoka, mwingine hujitwalia nafasi isiyo yake.

Lakini korongo lenyewe, lile lililochimbwa na maji ya ziwa, liko upande mwingine. Rusizi hutoka Kivu katikati ya Kamembe na Bukavu ya Kongo, ukiwa umetulia utadhani hauna haraka, kisha unaporomoka. Ndiyo sababu mabwawa ya umeme yamejengwa mfululizo hapo juu, la kwanza mwishoni mwa miaka ya 1950 na la pili mwaka 1989. Barabara ya Bugarama inashuka pamoja nao kwa mbali. Kadiri masikio yanavyoziba, ndivyo mimea inavyobadilika: mikaratusi inapungua, miembe inanenepa, nyasi zinakuwa ndefu na za rangi ya shaba, kuta za korongo zinaonyesha mawe. Ukifika chini, kwenye kimo cha mita elfu moja au pungufu, uko katika nchi nyingine. Kando ya mto huu, mpakani, ndipo palipo chini kuliko pote Rwanda. Mpunga umeenea uwandani, joto linakupiga usoni, na mtu aliyevaa koti asubuhi Nyungwe analitafutia pa kuliweka.

Hapa Bugarama, mahali paitwapo Mashyuza, ndipo hoja yangu ya kazi inapopata mtihani wake.

Mashyuza ni chemchemi za maji ya moto. Watu huja kuoga humo kwa ajili ya viungo na ngozi. Maji hayo yamebeba chokaa kwa maelfu ya miaka, yakaiacha kidogo kidogo hadi ikawa mlima wa mawe, na mawe hayo ndiyo yaliyolisha kiwanda cha saruji cha CIMERWA tangu miaka ya 1980. Sehemu ya kuta za Kigali, basi, ilianza kama maji ya moto ya Rusizi. Mwaka 1987 mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, Eberhard Fischer, alikuta kwenye tope la pembeni ya chemchemi mojawapo, pale maji yalipokwisha kupoa hadi kiasi cha nyuzi 25, yungiyungi ambalo hakuna mwanasayansi aliyekuwa amelielezea. Jani lake lilikuwa na upana wa sentimita moja au mbili. Jamaa yake wa mto Amazon ana jani linaloweza kufika mita tatu. Hili la Bugarama ndilo dogo kuliko yote duniani, na lilikuwa linaota katika eneo la mita chache za mraba, mahali pamoja tu kwenye sayari hii. Likapewa jina la kisayansi Nymphaea thermarum.

Halikuwa na kazi. Halikuliwa, halikuzuia mbuzi, halikushikilia haragwe. Halikuwa hata na ukubwa wa kumfanya mtu ainame. Maji yaliyolilea, kwa upande mwingine, yalikuwa na kazi nyingi. Yakaelekezwa mashambani, tope likakauka, na ilipofika mwaka 2008 mmea haukuonekana tena. Sidhani kuna haki ya kumlaumu mkulima. Aliona maji yanapotea kwenye tope lisilozaa kitu, akayapeleka penye njaa. Hakuna aliyemwonyesha kwamba tope lile halikuwa na mfano wake.

Fischer alikuwa amepeleka mimea michache kwenye bustani ya mimea ya Bonn. Huko ilidumu kwa shida, na panya mmoja Mjerumani aliwahi kuula mmea mmoja, jambo linalotosha kumnyima usingizi mtunza bustani. Mbegu zikafika bustani ya mimea ya Kew, London. Carlos Magdalena, mtunza bustani mzaliwa wa Uhispania, akajaribu kuziotesha kwa njia zote zinazotumika kwa mayungiyungi, yaani ndani ya maji, na miche ikawa inakufa kila mara. Kisha akarudi kusoma maelezo ya Fischer: mmea huu ulikuwa unaota topeni, pembeni ya maji, bila kuzama. Yungiyungi hili lilitaka majani yake yavute hewa moja kwa moja. Akaweka vyungu katika maji ya uvuguvugu, usawa wa maji ukigusa tu usawa wa udongo. Mwaka 2009 likachanua. Januari 2014 mtu mmoja akauiba mmea mmoja kutoka nyumba ya vioo ya Kew, na polisi wa London wakajikuta wanatafuta jani lenye ukubwa wa kitufe cha shati.

Huko ugenini ndiko lilikopata ajira. Kwa sababu ni dogo, hukua haraka na huweza kujichavusha lenyewe, wanasayansi wa jenetiki waliliona linafaa kwa maabara. Mayungiyungi ni miongoni mwa makundi yaliyojitenga mapema sana katika ukoo wa mimea inayochanua, kwa hiyo anayeuliza jinsi maua yalivyoanza duniani hana budi kupita kwao. Mwaka 2020 orodha kamili ya jeni za yungiyungi la Bugarama ilichapishwa, na ikasaidia kueleza kwa nini mayungiyungi yalipoteza uwezo wa kunenepesha shina kama miti inavyofanya. Mmea ulioondolewa kwa kukosa faida ukawa chombo cha kusomea mimea mingine yote, wakati kwao ulikuwa umehesabiwa kuwa umekwisha.

Mwaka 2023 yungiyungi hilo likaonekana tena porini, Rusizi, likiota katika eneo la chemchemi hizo. Habari hiyo ilifurahisha watu wa bustani kote duniani, na kwa kweli inafurahisha. Ila tope ni lile lile, mashamba ni yale yale, na watu wameongezeka. Walinzi, mabango na ziara za wageni ni mambo yanayokuja kirahisi, kwa kuwa yana picha. Hata ua si tatizo: eneo lenyewe ni dogo, na wenyeji wanajua kupanda minyaa kuliko shirika lolote. Ugumu uko kwenye maji. Kiangazi kikianza mwezi wa sita, mwenye mpunga na mwenye bustani ya mboga wote wanayahitaji, na lazima mtu akae nao, kwa Kinyarwanda, mfereji kwa mfereji, wakubaliane ni kiasi gani kinaachwa kipite topeni, nani anafungua, na yule anayepunguziwa maji analipwa nini.